Maswali ya Wasomaji: Mlango wa Kalsiamu Ndani ya Msuli

Toleo lililopita tulieleza namna nyuzi za msuli zinavyotelezeana hadi msuli ukafupika, tukataja kwa sentensi moja tu kwamba kinachoanzisha kazi hiyo ni kalsiamu inayoachiwa kutoka ghala la ndani ya seli. Sentensi hiyo imeleta barua nyingi kuliko makala yenyewe, nyingi zikitoka Kigoma na Tabora. Tumechagua saba. Barua tumezifupisha na majina tumeyaacha.

Mwalimu wa baiolojia, Tabora mjini: Nawasalimu. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita wanakariri kwamba "retikulamu hutoa kalsiamu", basi. Mmoja akaniuliza: inatokea tundu gani, na nani anafungua? Nilikosa jibu la kueleweka. Mlango huo ukoje hasa, na je, wa moyo ni uleule wa mguu?

Mwalimu, tuanze na ghala lenyewe. Ndani ya kila seli ya msuli kuna mfuko mwembamba wa utando uliozizunguka nyuzi kama wavu ulivyozunguka mzigo. Huo ndio retikulamu ya sakoplazimu. Ndani yake kalsiamu huru hufikia takriban milimoli 1 kwa lita. Nje yake, penye nyuzi, msuli ukiwa umetulia, kiasi ni kama maikromoli 0.1 kwa lita. Tofauti ni mara 10,000 hivi. Kwa hiyo kalsiamu haihitaji kusukumwa itoke. Ukifungua, inatoka yenyewe. Kazi ngumu ni kuizuia isitoke kabla ya wakati, na kuirudisha ikishatoka. Wanafunzi wakilishika hilo, barua zote zinazofuata hapa chini wangeweza kuzijibu wao.

Mlango unaitwa kipokezi cha rayanodini. Rayanodini ni sumu ya mmea uitwao Ryania speciosa, unaoota Trinidad na Amerika ya Kusini, na unga wa mmea huo ulitumika kuua wadudu. Watafiti walipoona sumu hiyo inaing'ang'ania protini moja ya msuli, wakaitumia kama ndoano ya kuivulia protini hiyo. Jina likabaki la sumu, ingawa mwilini mwetu hakuna rayanodini hata chembe. Ni sawa na kumwita mtu kwa jina la mwizi aliyemvamia.

Kwa ukubwa, hakuna mlango wa ioni unaojulikana unaoufikia. Umeundwa na vipande vinne vinavyofanana, kila kimoja kikiwa na asidi amino zipatazo 5,000. Uzito wa vyote vinne ni kama daltoni milioni 2.2, yaani zaidi ya mara 30 ya himoglobini ya damu. Umbo lake ni la uyoga wa mraba: kofia pana ya kama nanomita 27 kila upande iko nje ya ghala, upande wa nyuzi, na shina fupi limezama kwenye utando wa ghala. Zipange kofia 37,000 kwa mstari ndipo utapata milimita moja. Tundu lenyewe liko katikati ya shina. Kila kipande kinachangia nguzo sita zinazopenya utando, jumla 24, na nguzo za mwisho za kila kipande zinakutana chini ya kofia na kubana njia. Mlango ukifunguka, nguzo hizo hujipinda na kuachana. Picha zilizofikia kuonyesha umbo hili karibu na kiwango cha atomu zilichapishwa mwaka 2015, kwa njia ya kugandisha protini ghafla na kuipiga picha kwa hadubini ya elektroni.

Jambo moja huwashangaza hata wanaosoma chuo kikuu: tundu hili halichagui sana. Hupitisha hata potasiamu, tena kwa wingi. Kwa nini basi tunaliita la kalsiamu? Kwa sababu potasiamu iko karibu sawa ndani na nje ya ghala, haina pa kukimbilia. Kalsiamu pekee ndiyo iliyorundikana upande mmoja. Tena potasiamu inayoingia ghalani wakati kalsiamu inatoka husawazisha chaji. Bila hiyo utoaji ungejizuia wenyewe mara moja.

Sasa, nani anafungua? Hapa ndipo mguu na moyo vinapoachana. Utando wa nje wa seli umetumbukia ndani kwa vijifereji vinavyoitwa mirija ya T. Ishara ya umeme ikitoka kwenye neva, hukimbia juu ya seli kisha hushuka kwenye mirija hiyo. Katika msuli wa mguu, kila mrija umebanwa na vichwa viwili vya ghala, huku na huku, na kati ya mrija na ghala kuna mwanya wa kama nanomita 12. Kofia za milango ndizo zinazojaza mwanya huo. Clara Franzini-Armstrong alizieleza mwaka 1970 akaziita miguu, kabla haijajulikana kwamba kila mguu ni mlango. Upande wa mrija kuna protini nyingine, Cav1.1, inayohisi volteji. Zimejipanga nne nne, zikitazamana na mlango mmoja na kuruka unaofuata. Volteji ikibadilika, kihisi hujisogeza, na mlango wa ghala hufunguka kwa mguso huo, kama mtu anayevuta komeo kwa kamba. Kalsiamu ya nje ya seli haihitajiki kuingia.

Moyo una mlango wa aina ya pili, RyR2 (RyR ni kifupi cha kipokezi cha rayanodini), ambao jeni lake liko kwenye kromosomu ya 1. Ule wa mguu, RyR1, jeni lake liko kwenye kromosomu ya 19. Moyoni hakuna kamba. Kihisi cha moyo, Cav1.2, hufunguka na kuruhusu kalsiamu kidogo kutoka nje ya seli. Hiyo kidogo hugusa RyR2, nao humwaga kalsiamu nyingi kutoka ghalani. Kalsiamu inaita kalsiamu. Ndiyo maana Sydney Ringer, mwaka 1883, aligundua kwamba moyo wa chura uliodunda vizuri katika maji ya bomba ya London ulizimika katika maji yaliyochujwa kwa mvuke: maji ya bomba yalikuwa na kalsiamu. Msuli wa mguu katika maji yale yale yasiyo na kalsiamu unaendelea kujikunja kwa muda mzuri tu.

Ikishatoka, kalsiamu hupanda hadi maikromoli kati ya 1 na 10 kwa lita, hushika protini iitwayo troponini, tropomayosini inayozifunika nyuzi za aktini husogea, na nyuzi za mayosini hupata pa kushika kwenye aktini. Kisha pampu iitwayo SERCA huirudisha ghalani, ioni mbili kwa kila ATP moja, yaani molekuli inayobeba nishati ya seli. Ndani ya ghala protini kalsekwestrini huzibeba kwa makumi, ndiyo maana ghala dogo hivyo linatosha.

Kosa tunaloliona mara nyingi kwenye majibu ya wanafunzi ni kuandika kwamba asetilikolini, kemikali inayotolewa na neva, ndiyo inayofungua ghala. Hapana. Asetilikolini huishia kwenye utando wa nje, ambako huanzisha umeme. Kinachofika kwenye mwanya wa nanomita 12 ni volteji.

Mama muuza chakula, Kibirizi, Kigoma: Shikamooni. Kuna siku mgebuka umetoka tu majini, nimeupasua, nikitia chumvi minofu inachezacheza. Jirani yangu hataki kuila kabisa. Halafu kuna nyama ya mbuzi: nikiiweka kwenye friza siku hiyohiyo inakuwa ngumu kama mpira, lakini ya buchani iliyoning'inizwa inalainika. Ni mbuzi mzee au ni nini?

Marahaba mama. Mwambie jirani ale bila wasiwasi. Samaki amekufa, ila seli zake zina ATP iliyobaki na ghala zake bado zimejaa. Sodiamu ya chumvi huvuruga chaji ya utando wa neva na misuli, ishara inaanza yenyewe, vihisi vinajisogeza na milango inafunguka. ATP ikiisha, mchezo umekwisha. Kwa hiyo minofu inayocheza ni dalili ya samaki aliyetoka majini muda si mrefu. Isiyocheza si lazima iwe imeharibika, maana migebuka inayovuliwa usiku na kuhangaika wavuni humaliza ATP mapema.

Baadaye kidogo samaki hukakamaa. ATP ndiyo inayomwezesha mayosini kuachia aktini, nayo pia ndiyo inayoendesha pampu ya kurudisha kalsiamu. Ikiisha, kalsiamu inabaki nje, nyuzi zinashikana na hazina cha kuziachanisha. Ukikata minofu kabla ya hapo itajikunja na kufupika. Ukisubiri ukakamavu upite, itabaki na urefu wake.

Habari ya mbuzi ni hiyohiyo, ila kosa liko kwenye friza. Nyama ya mbuzi, kondoo au ng'ombe ikipoozwa chini ya nyuzi joto 10 huku bado ina ATP, ghala hushindwa kuishika kalsiamu na pampu inakuwa nzito kwa baridi. Kalsiamu inavuja, nyuzi zinajivuta kwa nguvu, kisha zinakakamaa zikiwa zimefupika. Hata uipike kutwa haitalainika sawasawa. Ikigandishwa kabisa kabla ya kukakamaa ni vibaya zaidi: chembe za barafu hupasua ghala, na siku unayoitoa iyeyuke, kalsiamu yote inamwagika kwa mkupuo, nyama hujikunja na kutoa maji mengi. Kanuni ya wachinjaji ni kutoishusha nyama chini ya nyuzi 10 ndani ya saa 10 za kwanza. Ining'inize mahali pa baridi kiasi, penye hewa na pasipo inzi, ndipo uipeleke kwenye friza. Kwenye joto la Kibirizi mchana hilo halifai, kwa hiyo chinja jioni. Usipoweza, bora uipike siku ileile kabla haijakakamaa.

Mfugaji wa nguruwe, Kasulu: Nilinunua mbegu bora, nyama nyingi mgongoni na mapaja makubwa. Tukiwapandisha kwenye gari kwenda mjini, mmoja au wawili hutetemeka, ngozi inakuwa na mabaka mekundu, wanakakamaa na kufa kabla hatujafika. Wale wa kienyeji hawana shida. Na nyama ya waliopona, wenye kitimoto wanalalamika ina maji.

Ndugu mfugaji, dalili ulizotaja zinafanana sana na ugonjwa wa msongo wa nguruwe, na chanzo chake ni mlango tuliomweleza mwalimu. Mwaka 1991 ilionyeshwa kwamba nguruwe hao wana badiliko moja tu kwenye jeni la RYR1: asidi amino ya 615, iliyopaswa kuwa arjinini, imekuwa sisteini. Moja kati ya 5,000. Mlango wenye badiliko hilo hufunguka kwa kichocheo kidogo na kuchelewa kufunga. Mnyama akihangaika, kalsiamu inamwagika misuli yote, pampu zinakula ATP zikijaribu kuirudisha, joto linapanda, asidi inajaa. Badiliko lilienea kwa sababu wafugaji wa Ulaya walichagua nguruwe wenye misuli mikubwa na mafuta kidogo, na hao ndio waliokuwa nalo. Pietrain wanajulikana zaidi kwa hilo, na baadhi ya Landrace.

Nyama yenye maji ni sura nyingine ya jambo hilohilo. Kwa kawaida pH ya nyama ya nguruwe hushuka polepole kutoka karibu 7 hadi 5.6 au 5.7 kwa saa nyingi. Kwa hawa hushuka chini ya 6 ndani ya dakika 45, nyama ikiwa bado ya moto. Asidi na joto kwa pamoja huharibu protini, nyama inapauka, inalegea na kuvuja maji. Ukitaka kujua, tumia kipimo cha pH kwenye paja au mgongo dakika ya 45 baada ya kuchinja.

Mnyama huugua akirithi jeni hilo kwa baba na kwa mama. Hapo ndipo dume lako la mbegu linapohusika: badilisha dume. Kabla ya kununua jingine, dai cheti cha kipimo cha jeni. Wauzaji makini wa mbegu za nje wanacho. Kwa waliopo, wapandishe gari alfajiri, usiwape chakula kwa muda wa saa 12 kabla ya safari (maji wape), usichanganye wa mabanda tofauti, usitumie fimbo, na weka njia ya kupandia yenye mteremko mdogo. Akianza kutetemeka mwache alale, mmwagie maji polepole, msimlazimishe kusimama.

Lakini tahadhari. Nguruwe hatoi jasho la maana, na joto la ndani ya gari lililojaa linaweza kumuua hata asiye na hitilafu yoyote. Na ikiwa wanakufa bandani kwako kabla ya safari, wakiwa na homa, hawali, na wa kienyeji nao wanakufa, acha kufikiria jeni. Hiyo inaweza kuwa homa ya nguruwe ya Afrika. Usisafirishe, usiuze nyama, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Muuguzi, Kibondo: Nilisoma kwamba binadamu naye anaweza kupatwa na hali kama hiyo chumba cha upasuaji. Dalili ni zipi, na kituo kidogo kifanye nini?

Ni kweli, dada. Hali hiyo ilielezwa kitaalamu na Denborough na Lovell wa Melbourne mwaka 1960: kijana aliyevunjika mguu alihofia nusukaputi kuliko mguu, kwa sababu ndugu zake 10 walikuwa wamekufa wakipewa. Wengi wenye hali hii wana badiliko kwenye RYR1, na tofauti na nguruwe, nakala moja mbovu inatosha. Vichochezi ni dawa za usingizi za kuvuta, yaani halotheni, isoflureni na sevoflureni, pamoja na saksametoniamu. Ketamini, propofoli, ganzi ya mgongo na ganzi za sehemu hazichochei.

Dalili za mapema si joto. Ni kabondayoksaidi inayopanda bila sababu, mapigo ya moyo kwenda mbio na taya kukaza baada ya saksametoniamu. Joto huja baadaye, na likija linaweza kupanda nyuzi 1 kila dakika 5. Mkojo wa rangi ya kahawia na potasiamu ya juu humaanisha misuli inavunjika.

Funga dawa ya kuvuta papo hapo, mpe oksijeni asilimia 100 kwa mtiririko mkubwa na mpumulishe kwa kasi, simamisha upasuaji au umalize haraka kwa dawa za mshipa, mpooze hadi nyuzi 38.5 kisha uache kumpooza. Tiba yenyewe ni dantrolini, inayotuliza mlango: miligramu 2.5 kwa kilo, ikirudiwa hadi dalili zitulie. Kichupa cha kawaida kina miligramu 20 na huchanganywa na mililita 60 za maji safi ya sindano, si chumvi wala glukosi. Mtu wa kilo 70 anahitaji vichupa 9 kwa dozi ya kwanza, kwa hiyo kuchanganya peke yake ni kazi ya watu wawili watatu. Usimpe verapamili pamoja na dantrolini. Moyo unaweza kusimama kwa potasiamu kupanda. Kabla ya dantrolini waliopatwa walikufa zaidi ya nusu.

Kituo kisicho na dantrolini kina silaha moja nzuri, na haina gharama: kuuliza. "Je, kuna ndugu wa damu aliyekufa au kupata homa kali akiwa kwenye nusukaputi?" Jibu likiwa ndiyo, tumia ganzi ya mgongo au ketamini, na uliandike kwenye jalada kwa herufi kubwa.

Mkulima wa mahindi na tumbaku, Urambo: Mwangaluka. Dawa ya viwavijeshi vamizi iliyokuwa inaua vizuri sasa haiui. Nimebadilisha kampuni mara tatu. Je, zinachakachuliwa?

Huenda, lakini angalia lebo kwanza. Tafuta neno "kundi" na namba. Kama zote tatu zimeandikwa 28, hujabadilisha dawa, umebadilisha chupa. Kundi la 28 ni la diamidi, kama klorantraniliproli na flubendiamidi, na zinaua kwa kufungua kipokezi cha rayanodini cha mdudu na kukiacha wazi. Kiwavi anaacha kula ndani ya saa chache, misuli inakaza, anajikunja na kufa siku 1 hadi 4 baadaye. Kwa hiyo usimhukumu kwa kuwa bado yupo kesho yake asubuhi. Tazama kama kuna kinyesi kipya na jani jipya lililoliwa. Mlango wetu sisi unatofautiana na wa mdudu kiasi kwamba diamidi huhitaji dozi kubwa mara mamia kuugusa, ndiyo maana zinahesabiwa kuwa salama kiasi kwa mtu. Kwa wadudu wa majini hazina huruma, basi usioshee bomba mtoni wala kwenye lambo.

Usugu nao upo. Kwa nondo wa kabichi, badiliko la asidi amino moja karibu na tundu, glisini ya 4946 kuwa glutamiki, linatosha dawa isishike. Viwavi wenye badiliko wakibaki peke yao shambani, kizazi kijacho ni chao. Kiwavi vamizi humaliza kizazi kwa mwezi hivi penye joto. Tumia kundi la 28 katika siku 30 hizi, kisha siku 30 zinazofuata tumia kundi jingine kabisa: la 5, la 6 au la 11, kadiri duka lilivyo nalo na lebo inavyoruhusu kwa mahindi. Piga mapema, viwavi wakiwa hawajafika sentimita 1, asubuhi au jioni, bomba likielekezwa kwenye moyo wa mmea. Kiwavi mkubwa aliyejificha chini ya kinyesi chake hafikiwi na dawa yoyote, iwe halisi au ya kuchakachua.

Mwalimu wa michezo, Nzega: Mwanafunzi wa miaka 10 huanguka na kuzimia akikimbia mazoezi ya UMITASHUMTA, mara moja alianguka akishangilia tu. Nyumbani wanasema kifafa. Hospitali walipima umeme wa moyo akiwa amelala, wakaona uko sawa.

Mwalimu, mtoe kwenye mbio leo hii. Anayezimia katikati ya mbio au furaha kali, si baada ya kusimama, ni mgonjwa wa moyo mpaka ithibitike vinginevyo. Moja ya sababu ni hitilafu ya RyR2. Adrenalini ikipanda, ghala la moyo hujazwa zaidi, na mlango mbovu unavuja kalsiamu katikati ya pigo na pigo. Moyo unapata pigo lisiloitwa, kisha jingine, mpaka unatetema badala ya kusukuma damu. Akilala, adrenalini iko chini na kipimo kinatoka safi kabisa. Kinachotakiwa ni kipimo cha umeme wa moyo akiwa anafanya mazoezi, mbele ya wataalamu wenye mashine ya kushtua moyo. Kituo cha uhakika ni Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Waambie wazazi wataje neno "akikimbia" mapema, na waseme kama kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana au akiogelea.

Ikithibitika, dawa kuu ni za kuzuia adrenalini moyoni, nadololi au propranololi ikikosekana hiyo, kila siku bila kuruka. Dozi zilizorukwa ndizo zinazoua.

Akianguka tena: mwite, mtikise. Haitiki na hapumui kawaida? Anza kukandamiza kifua katikati, kina cha theluthi moja ya kifua, kama sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, pumzi 2 kila baada ya kukandamiza mara 30, na mtu mwingine atafute gari. Hakuna kijiko mdomoni wala kiberiti puani.

Mkulima wa kahawa, Buhigwe: Kijana wangu yuko chuo anasema kafeini hufungua mlango huo wa kalsiamu. Na mie nabanwa na misuli ya ndama usiku. Je, niache kahawa nile dagaa wenye mifupa?

Kijana wako yuko sahihi maabara, na wewe endelea na kahawa. Kufungua mlango huo kunahitaji kafeini ya milimoli 5 hadi 10 kwa lita. Kikombe kizito kina kama miligramu 100, ambazo zikisambaa katika lita 40 za maji ya mwili zinatoa maikromoli 13 hivi. Ungehitaji vikombe karibu 400 kwa mkupuo, na ungekufa kabla ya kufika robo yake au zaidi kidogo. Kahawa inayokuamsha inafanya kazi ubongoni, kwa njia nyingine kabisa. Kafeini ya maabara ina kazi yake: kipande cha msuli wa mtu anayeshukiwa kuwa na hali tuliyomweleza muuguzi wa Kibondo huchovywa humo, na kikikaza kwenye milimoli 2 au chini, jibu ni ndiyo.

Kubanwa kwa ndama usiku huanzia zaidi kwenye neva zinazofyatuka ovyo kuliko kwenye ghala. Vuta vidole vya mguu kuelekea goti, shikilia nusu dakika, rudia. Dagaa ni chakula kizuri, ila kalsiamu ya leo mezani haiendi moja kwa moja kwenye ghala la msuli. Ghala huzungusha ileile yake, na damu hulindwa na mifupa, yenye asilimia 99 ya kalsiamu yote ya mwili. Ukianza kubanwa mikononi pia, huku midomo na vidole vikifa ganzi, hapo nenda kapime kalsiamu ya damu.